Paundi 1,500 za Pilton: tamasha la kwanza la Glastonbury na hesabu ambayo ingeliokoa

Jumamosi ya tarehe 19 Septemba 1970, katika kijiji cha Pilton, Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aitwaye Michael Eavis alifungua geti la shamba lake, Worthy Farm, akatoza kiingilio cha paundi 1. Kwa paundi hiyo mtu alipata muziki wa kutwa na maziwa ya bure kutoka zizini. Walikuja watu wapatao 1,500. Hesabu zilipofungwa, Eavis alikuwa amepata hasara ya paundi 1,500 hivi.

Glastonbury ya leo inapokea watu zaidi ya 200,000, na kwa sababu hiyo mwaka huo wa kwanza husimuliwa kama utangulizi wa hadithi njema. Tuuache utamu huo. Kwa mtu anayetaka kuandaa tamasha lake la kwanza, Pilton ya 1970 ina faida kubwa kuliko Glastonbury yoyote iliyofuata, kwa sababu ni ndogo kiasi kwamba namba tatu tu zinatosha kuifungua: kiingilio, idadi ya watu na hasara.

Tuzisome kwa kurudi nyuma. Watu 1,500 kwa paundi 1, hata kama kila mmoja alilipa na hakuna aliyeruka ua, ni paundi 1,500. Ukichukua pato hilo na hasara inayolingana nalo, gharama zilikuwa kama paundi 3,000. Maana yake walihitajika watu 3,000 wanaolipa ili mwandaaji atoke mikono mitupu, yaani bila faida na bila deni. Alipata nusu. Kosa la namna hiyo haliponi kwa kubana bana matumizi siku ya tukio. Nusu nzima ya mapato ilikuwa haipo tangu bajeti inaandikwa.

Wengi wakitafuta mchawi humnyooshea kidole msanii mkuu. Hapa haikuwa hivyo. Bango lilikuwa na bendi ya The Kinks, wakajitoa, nafasi yao ikachukuliwa na Tyrannosaurus Rex ya Marc Bolan kwa paundi 500. Hiyo ni sehemu moja ya sita ya gharama yote. Hata Bolan angepiga bure, hasara ingebaki paundi 1,000. Fedha iliyobaki iliishia kwa wasanii wengine na kwenye vile vitu ambavyo mtazamaji havioni kwenye bango lakini vikikosekana hakuna tamasha.

Je, kiingilio kilikuwa kidogo mno? Inavutia kusema angetoza paundi 2. Lakini wiki tatu tu kabla, tamasha la Isle of Wight lilikuwa limetoza paundi 3 kwa siku kadhaa zenye Jimi Hendrix, The Who na The Doors. Kijana aliyetoka huko, mwisho wa kiangazi, mfukoni mumekauka, hawezi kuombwa theluthi mbili ya bei hiyo kwa siku moja shambani kwa mtu asiyejulikana. Paundi 1 ilikuwa bei sahihi. Tena ilikuwa na uzuri mmoja ambao waandaaji wengi hawaufikirii: ni noti moja. Hakuna chenji. Kiingilio cha shilingi 10,000 kinapita getini haraka kuliko cha 8,000, na kile cha 12,500 ni adhabu kwa mkata tiketi.

Kwa hiyo bei haikuwa kosa, na msanii hakuwa kosa. Kosa ni kwamba bajeti ilianzia jukwaani ikaenda getini, badala ya kuanzia getini ikaenda jukwaani. Eavis alikuwa ametembelea tamasha kubwa la Bath lililofanyika Shepton Mallet, jirani na kwake, mwishoni mwa Juni 1970, ambako Led Zeppelin walipiga. Akavutiwa, akaamua kufanya la kwake mwaka huohuo. Kati ya Bath na tarehe 19 Septemba kuna wiki 12. Katika wiki 12 unaweza kupata wasanii, jukwaa na umeme. Usichoweza kupata ni wateja 3,000 ambao hawajawahi kukusikia. Gharama zake zilikuwa za tamasha lenye jina, na jina lilikuwa bado.

Hesabu ikianzia getini

Tuihamishe hesabu hiyo Tanga, kwa namba za mfano tu, ili uone mahali inapokatika. Tuseme ni tamasha la muziki na chakula la siku moja, uwanja wa wazi, tiketi moja shilingi 15,000. Bajeti ya mwanzo inaandikwa hivi, kwa milioni za shilingi: msanii mkuu 5, wasanii wengine 3, jukwaa na spika na taa 5, jenereta na mafuta 1.5, uzio 2, ulinzi na huduma ya kwanza 1.5, vyoo na maji na usafi 1, vibali na leseni na kodi ya uwanja 1.2, matangazo 1.8, akiba ya dharura 2. Jumla milioni 24.

Sasa tiketi ya 15,000 si 15,000. Kama umesajiliwa VAT Tanzania Bara kwa asilimia 18, unagawa kwa 1.18 na kinachobaki ni 12,712. Ondoa bendi ya mkononi (ukanda anaofungwa aliyelipa) na kamisheni ya muuzaji, tuseme 712 kwa jumla. Unabaki na 12,000. Gawa milioni 24 kwa 12,000: unahitaji watu 2,000 wanaolipa. Hapo ndipo Pilton inarudi tena, kwa sababu mwandaaji mchanga akiona 2,000 hujiambia "watakuja tu".

Njia salama ni kuanza na swali: ni wangapi nina hakika watalipa? Waliobonyeza "nitakuja" mtandaoni wasiingie kwenye hesabu, wala waliojaa uwanjani mwaka jana kwenye shoo ya bure ya kampeni. Hesabu waliolipa kiingilio kinachokaribiana na chako, mji huohuo, muziki wa aina hiyohiyo. Tuseme jibu la ukweli ni 1,200. Usipange gharama zirudi kwa hao 1,200 wote. Panga zirudi kwa asilimia 60 yao, yaani 720, kwa sababu mvua moja ya saa kumi jioni, au mechi ya Simba na Yanga iliyosogezwa tarehe, inaweza kukunyang'anya hao wengine. Watu 720 mara 12,000 ni milioni 8.64. Ongeza vibanda 25 vya vyakula na bidhaa kwa 80,000 kila kimoja, milioni 2, zikilipwa kabla. Ongeza mdhamini mwenye mkataba uliosainiwa na fedha taslimu, tuseme milioni 3. Jumla milioni 13.64. Hiyo ndiyo bajeti yako, kwa sababu getini hakuna nyingine.

Kutoka 24 hadi 13.64 si kukata kidogo kidogo kila mahali. Ukimpunguza kila mtu asilimia 40 utapata spika mbovu, walinzi wachache na msanii aliyenuna. Baadhi ya vitu huondolewa kabisa au hubadilishwa umbo, na vingine haviguswi.

Cha kwanza kubadilishwa ni uwanja. Uzio wa kukodi ni fedha inayozikwa. Mahali penye ukuta tayari na lango moja au mawili panakupa uzio bure, hata kama kodi yake ni kubwa zaidi. Angalia Sauti za Busara, lililoanza Zanzibar mwaka 2004 na ambalo kwa miaka mingi jukwaa lake kuu limekuwa ndani ya Ngome Kongwe: kuta za ngome zilijengwa karne kadhaa zilizopita, mwandaaji anasimamia lango tu. Shule yenye ukuta, ua wa makumbusho, uwanja wa mpira wenye mageti, vyote ni bora kuliko shamba zuri lisilo na mipaka. Katika mfano wetu milioni 2 za uzio zinageuka nyongeza ya kodi ya 600,000.

Cha pili ni malipo ya msanii mkuu. Badala ya milioni 5 za uhakika, mpe milioni 2 za uhakika na asilimia 20 ya kila kinachobaki kwenye tiketi kuanzia mtu wa 721. Wakija 1,200, hao 480 wa ziada wanaleta milioni 5.76, msanii anachukua 1,152,000 na jumla yake inafika milioni 3.15. Wakija 700, hukuingia deni kwa ajili yake. Mkataba wa aina hii una faida ya pembeni: msanii mwenyewe ataanza kulitangaza tamasha kwenye kurasa zake bila kubembelezwa. Lakini lazima meneja wake aruhusiwe kukaa getini na kuhesabu na wewe. Ukimnyima hilo, usimpe asilimia, maana mtagombana saa sita usiku na yeye ndiye mwenye kipaza sauti.

Wasanii wengine washuke hadi milioni 1.5, kwa majina machache zaidi wala si kwa kumnyonya kila mmoja. Jukwaa moja tu na sauti ya milioni 3, kuanzia saa tisa alasiri ili taa zifanye kazi saa chache. Jenereta 800,000, ulinzi milioni 1, vyoo na maji 700,000, matangazo milioni 1. Vibali vinabaki 1.2 kwa sababu BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), halmashauri, polisi, zimamoto na leseni ya hakimiliki ya muziki havina punguzo la huruma. Akiba 1.4, ambayo ni zaidi ya asilimia 10 ya matumizi mengine. Chini ya hapo si akiba, ni matumaini. Jumla milioni 13.2. Inaingia.

Mahali fedha inapovujia

Hata bajeti ikiwa safi, mapato yanaweza kuvuja getini. Chukua saa ya msongamano. Katika watu 1,200, theluthi mbili hufika ndani ya saa moja, kabla tu ya msanii wanayemtaka. Ni watu 800. Mkaguzi mmoja wa tiketi iliyokwisha kununuliwa anapitisha mtu kila sekunde 8, yaani 450 kwa saa. Mkataji anayepokea fedha, anayesubiri ujumbe wa simu uingie na kutafuta chenji, anatumia sekunde 30: watu 120 kwa saa. Kama nusu ya hao 800 wamenunua mapema, njia moja inawatosha. Nusu nyingine inahitaji njia nne. Mwandaaji aliyeweka njia mbili kwa jumla anatengeneza foleni ya zaidi ya saa nzima, na foleni hiyo ndiyo inayozaa wazamiaji. Watu wakisikia msanii ameshapanda jukwaani, ukuta unaanza kurukwa, baunsa anaanza kupokea elfu tano tano, na mwishowe mkuu wa ulinzi anakuja kukuambia fungua tu, wasije wakaumizana. Tangu hapo umeandaa shoo ya bure.

Getini wakae wawili wawili: mmoja anapokea fedha na kutoa tiketi, mwingine anachana tiketi na kufunga bendi mkononi. Wasiwe ndugu wala marafiki. Tiketi ziwe na namba mfululizo, kila kitabu cha 100 kitoke kwa sahihi. Kila saa mweka fedha apite, aandike namba ya mwisho iliyouzwa, ahesabu fedha mbele ya mkataji na aondoke nazo. Lipa namba iwe ya tamasha, kamwe isiwe simu ya mtu. Bendi zihesabiwe asubuhi na usiku: zilizotoka toa zilizobaki lazima zilingane na tiketi, mialiko na wafanyakazi. Zikizidi 60, kuna mtu amekuuzia tamasha lako mwenyewe.

Mialiko ni uvujaji wa heshima. Diwani, ofisi iliyotoa kibali, wadhamini, watangazaji, familia ya kila msanii: kila mmoja ana haki ya kuomba na hakuna aliye na haki ya kupata kumi. Weka kikomo, asilimia 5 ya idadi yote, zichapishwe kwa rangi tofauti na zikiisha ziishe. Mwandaaji asiyeweza kumwambia shemeji yake "zimeisha" amwachie mtu mwingine kazi hiyo.

Maziwa ya Eavis nayo yanastahili kutazamwa kwa karibu. Painti moja kwa kila mtu kwa watu 1,500 ni kama lita 850, na neno "bure" halina kipimo. Anayekunywa painti moja anaweza kurudi kwa ya pili. Hata hivyo ilikuwa zawadi yenye akili. Alitoa kitu alichokuwa nacho, kwa gharama ya uzalishaji, si kitu cha kununua dukani. Mwandaaji wa pwani anayetaka kutoa kitu na atoe madafu kutoka shamba la mshirika kwa kuponi moja kwa kila tiketi, asiahidi chakula. Ahadi ya chakula kwenye tiketi ni mkataba wa kulisha watu ambao hujui wangapi.

Jenereta huonewa sana kwenye bajeti. Jenereta ya kVA 100 ikibeba mzigo mkubwa hunywa kati ya lita 15 na 20 za dizeli kwa saa. Shoo ya saa 8, kujaribu vyombo saa 3, na saa 1 ya kufungua mitambo usiku: saa 12, lita 240 kwa makadirio ya juu. Bei ya kukodi inayotajwa kwenye simu mara nyingi haina mafuta ndani yake, wala usafiri, wala fundi. Uliza vyote vitatu kabla ya kukubali. Vyoo: kimoja kwa kila watu 100 ndicho kiwango cha kuanzia, na vya wanawake viwe vingi zaidi, kama bia inauzwa ongeza tena.

Kujitoa kwa msanii

The Kinks walipojitoa, Eavis aliokolewa na bahati ya kupata mbadala. Bahati isiandikwe kwenye mpango. Mkataba useme amana ni kiasi gani (nusu ni kawaida, theluthi ni bora kwako), inarudi ndani ya siku ngapi msanii akijitoa, na nani analipa nauli zilizokwisha kukatwa. Kuwe na jina la akiba ambalo limeshaulizwa bei na tarehe. Mabango yachapwe kwa mafungu mawili: la kwanza lenye jina la tamasha, tarehe, mahali na bei tu, la pili, dogo, lenye majina ya wasanii, baada ya amana kupokelewa na mkataba kurudi na sahihi. Jina likishabandikwa nguzoni na mwenyewe asipotokea, mashabiki hawamdai yeye.

Pamoja na hilo kuwe na siku ya kusitisha, iliyoandikwa mapema. Wiki ya kumi kabla ya tukio kusitisha kunagharimu vibali na nauli. Wiki ya sita, ongeza amana za wasanii. Wiki ya pili, karibu kila kitu. Watu wetu hununua tiketi dakika za mwisho, kwa hiyo mauzo ya awali yakiwa madogo si dalili ya msiba. Kinachoangaliwa wiki ya sita ni vibanda na wadhamini. Kama mama lishe, wanaojua kuliko mtu yeyote mahali umati utakapokuwa, hawajalipia hata vibanda 10 kati ya 25, wamekuambia jambo.

Deni lililobebeka

Mwaka mmoja kabla ya Pilton, Woodstock kule Marekani iliuza takriban tiketi 186,000 mapema na bado ikaacha deni la zaidi ya dola milioni moja. Mji wa Wallkill, walikopanga kufanyia, uliwazuia waandaaji tarehe 15 Julai 1969, mwezi mmoja kamili kabla; wakahamia Bethel, wakalazimika kuchagua kati ya kumaliza jukwaa na kumaliza uzio. Walimaliza jukwaa. Uzio ulipoanguka tamasha likawa la bure, na ilichukua miaka mingi ya mapato ya filamu kufuta deni. Waliuza mno wakafilisika karibu. Eavis aliuza kidogo akasalimika.

Alisalimika kwa sababu hasara yake ililingana na kitu alichokuwa nacho kila mwezi: hundi ya maziwa. Bolan hakulipwa paundi 500 zake zote siku ile. Walikubaliana alipwe paundi 100 kwa mwezi, miezi mitano, kutoka kwenye fedha ya maziwa. Ng'ombe wa Worthy Farm ndio wadhamini wa kwanza wa Glastonbury. Huo ndio ukomo unaofaa kuwekwa kabla ya kuanza: hasara kubwa kabisa inayowezekana isizidi kile ambacho biashara yako nyingine, au mshahara, unaweza kukilipa ndani ya miezi sita bila kuuza kiwanja. Kuchukua vyombo kwa mali kauli bila hundi ya maziwa nyuma yako ni kumfanya fundi wa spika kuwa mdhamini bila ridhaa yake.

Faida ilichelewa. Tamasha la 1971 lilikuwa la bure. La 1979, kwa paundi 5 na watu 12,000, lilipata hasara tena. La 1981 ndilo lililobadilisha hesabu: kiingilio paundi 8, watu 18,000, na paundi 20,000 zikapelekwa kwa CND, kampeni ya kupinga silaha za nyuklia. Mwaka huo jukwaa la piramidi lilijengwa la kudumu, kwa nguzo za simu na mabati ya ziada ya jeshi, na msimu wa baridi lilikuwa zizi na ghala la majani ya ng'ombe. Gharama ya jukwaa ikabebwa na ng'ombe nusu, na muziki nusu.

Uzio nao ulisubiri hadi hali ikalazimisha. Mwaka 2000 ziliuzwa tiketi 100,000 lakini waliokuwa ndani walikadiriwa kuwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Mwaka 2001 hakukuwa na tamasha. Mwaka 2002 likarudi na uzio uliogharimu kama paundi milioni 1.

Na zile paundi 500? Zilipatikana kwa bei hiyo kwa sababu Bolan alikuwa bado hajapanda. Januari 1971, wakati mfugaji wa Pilton bado anamtumia paundi 100 za mwezi, T. Rex, kama walivyojiita wakati huo, walikuwa nafasi ya 2 kwenye chati za Uingereza. Machi wakawa nafasi ya 1. Kwa bei ya mwezi huo, maziwa ya ng'ombe wote wa Worthy Farm yasingetosha amana.